Mgongo wa Padri na Mshumaa wa Mtakatifu Nikola

Siku ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa nyumba yao tangu enzi za baba mkwe, Desanka aliwasha mshumaa asubuhi, akajifanyia ishara ya msalaba mara tatu. Mshumaa ule sharti uwake mpaka jioni, uzimwe kwa mvinyo na mkono wa mwenye nyumba. Ukizimika wenyewe, nyumba hiyo haina wa kuirithi. Na nyumba ya Desanka ilibaki na watu wawili: yeye mjane, na mwanawe Ostoja, dereva wa treni aliyekuwa zamu siku hiyo, miaka thelathini na minane na hajaoa.

Kilichomtia wasiwasi kilikuwa juu ya mlango. Msimu uliopita Ostoja aliliondoa jiko la kuni akaweka pampu ya joto: sanduku moja nje, likinguruma kwenye theluji, na jingine ndani, likipuliza hewa ya moto. Joto lilikuwa joto kweli, hilo Desanka hakulikana. Tangu Oktoba hajapasua kuni hata moja. Lakini pumzi ya mashine ilivuka chumba hadi ukuta wa mashariki, penye ikoni, picha ya mtakatifu, na meza ya mshumaa, na mwali wa mshumaa ukalala kama nyasi. Ikoni haihami kwa ajili ya mashine. Rimoti nayo ilikuwa na vitufe kumi na viwili, na Ostoja alivibandika plasta vyote akaacha kile cha kuwasha na kuzima. "Usije ukaiharibu, mama."

Basi Desanka akaizima. Kufika adhuhuri wageni walikuwa wamekaa na makoti.

"Shoga," akasema Radojka, jirani wa bondeni, "mashine yako ni ya kupasha watu au ya kugandisha samaki?"

"Kula, samaki ana moto."

"Nitajuaje, na mimi natafuna nimevaa glavu?"

Ndipo akaingia Padri Gavrilo, kimo cha mlango, upana wa kabati. Alibariki mkate, akakaa na koti lake, mgongo ameupa mlango. Desanka akamtazama, akatazama mshumaa, akabonyeza kitufe. Upepo ukashuka, ukagonga mgongo wa padri, ukaishia hapo. Mwali haukutikisika.

Tangu hapo kazi yake ikawa moja: padri asiinuke.

"Desanka, nina nyumba saba bado."

"Onja maharage, Padri."

"Nimeonja mara tatu."

"Yale yalikuwa ya juu ya chungu. Haya ni ya chini."

Akamwongezea samaki, kabichi iliyoviringwa na wali, kikombe kingine cha rakia, pombe kali ya matunda. Radojka alikuwa akihesabu sahani.

"Padri, hujiulizi? Mwaka jana alikupa kipande kimoja, tena cha mkia."

Padri akageuza shingo, akaiona mashine. Akainama kushoto kidogo, mwali ukalala. Akakaa sawa; ukasimama.

"Kumbe mimi ni ukuta."

"Ukuta uliobarikiwa, Padri," Desanka akasema, uso ukimwaka. "Usinicheke. Ukizimika leo, Ostoja wangu atazeeka peke yake."

Padri hakucheka. "Mungu hapimi nyumba kwa mshumaa, mama. Lakini nipe ufagio."

Aliinuka polepole huku Desanka akiukinga mwali kwa viganja. Akavua koti lake jeusi, akapitisha mpini wa ufagio kwenye mikono ya koti, akalifunga kwenye kiti, na juu akaweka kofia. "Nina jingine garini," akasema, akaenda kwenye nyumba zake saba.

Alasiri akaja mzee Vukoman, ambaye macho yake yana ukungu. Akasimama mbele ya kiti, akavua kofia.

"Nibariki, Padri."

Koti likanyamaza. Vukoman akangoja kwa adabu, kisha akakaa. "Afadhali. Mwaka jana alihubiri mpaka supu ikapoa."

Radojka akaingia chini ya meza kutafuta kijiko ambacho hakikuanguka.

Jua lilipozama, Desanka akaudondoshea mwali mvinyo, na moshi ukapanda wima. Alikuwa bado ameshika kikombe simu ilipolia.

"Mama, mashine inafanya kazi?"

"Inafanya, mwanangu. Njoo ubandue plasta zako." Akatazama koti la padri kwenye kiti. "Na usije peke yako."