Kifudu cha Tsofa

Kahaso alikuwa hajashuka sawasawa kwenye basi pale Kisauni alipousikia mvumo wa vyungu. Moyo ukamlipuka. Kwao kifudu, ngoma ya vyungu, hakichezwi ovyo. Wanawake hukitoa siku ya msiba, na huimba kwa jina la marehemu. Na mgonjwa wa kuogopewa nyumbani alikuwa mmoja tu: Tsofa, baba yake, aliyelazwa na kifua tangu masika.

Alikimbia mpaka Mjambere, viatu vyake vya ualimu mkononi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba. Akaufungua. Kitanda cha baba kitupu, hata shuka haipo. Akaanguka kizingitini akilia, kisha akanyamaza ghafla, akasikiliza. Mvumo haukutoka makaburini. Ulitoka ufukweni, kwenye hoteli mpya.

Mwaka juzi pale palikuwa na banda la Mzungu na vitanda vichache. Mwaka huu wa sitini na mbili hoteli ziliota kama uyoga, wageni wakiletwa kwa mabasi kutoka uwanja wa ndege. Langoni alisimama Gershom, mkuu wa wahudumu, mtu wa bara, tabasamu tele.

"Karibu, mwalimu! Leo mama yako ametutoa aibu. Hoteli ya jirani ina ngoma, sisi tukose?"

"Nani amekufa?"

"Afe nani? Wageni wanastarehe hapa!"

Ndipo alipowaona. Nyamvula, mama yake, alikuwa akizunguka na wenzake, vyungu vikivuma: "Tsofa wee, umetuachia nani?" Na chini ya mwavuli, kwenye kiti cha turubai, amejifunga shuka la kitandani, Tsofa mwenyewe alikuwa akinywa maji ya machungwa.

Kahaso alimkimbilia. "Baba!"

"Taratibu, mwanangu, wanaimba vizuri. Mama yako alikataa kuja. Kifudu bila maiti, ati, kitajitafutia mtu. Nikamwambia chukueni jina langu, mimi niko njiani tayari. Gari la hoteli likanifuata. Nami nikisikie! Siku yenyewe nitakisikiaje?"

Kahaso alimtazama mama yake. Machozi yalikuwa ya kweli. Wageni wakapiga makofi.

"Basi la pili limefika," alisema Gershom. "Waanze upya."

Kahaso, ambaye hata mbele ya walimu wenzake sauti humpotea, alisimama akawaambia wageni kwa Kiingereza: hii ni ngoma ya kuzikia, na anayeliliwa ni huyu hapa, tena ni mgonjwa.

Kisha mama mmoja wa kofia pana akapiga kelele za furaha, na kamera zote zikamgeukia Tsofa. Mmoja akamwonyesha kwa mkono, kwa upole kabisa, afumbe macho.

Tsofa hakuzoea kumnyima mgeni. Akafumba.

"Fumbua!" Chungu kilimponyoka Nyamvula kikapasuka. "Tsofa, fumbua macho!"

"Nipo, mama Kahaso. Nipo."

Walimwinua, mke upande huu, binti upande ule. Gershom akawafuata mpaka langoni.

"Na Jumamosi ijayo, mama?"

"Jumamosi," alisema Nyamvula bila kugeuka, "utupe jina la mamako."

Tsofa akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, na Kahaso akazidi kumkumbatia, mkono wake juu ya mbavu zile nyembamba, akizisikia zikipanda, zikishuka, zikipanda.