Mguu wa Tano wa Ng'ombe

Sisi watu wa mambo ya kale tuna tabia moja ya aibu: kitu tusichokijua kazi yake tunakiita cha tambiko. Kijiko kikipinda, tambiko. Kifuniko kikipotezana na chungu chake, tambiko. Na tunasema hivyo bila kucheka.

Ng'ombe wetu wa udongo, mdogo wa kukaa kiganjani, ameitwa Mnyama wa Tambiko tangu alipofukuliwa. Sababu ni mguu wa tano, umesimama katikati ya tumbo. Aliyemfukua na kumwandikia kitabu kizima ni baba mkwe wangu, mstaafu wa makumbusho haya haya ninayofanyia kazi. Wenzake humwita Mguu wa Tano, na jina hilo analipenda kuliko alilopewa na wazazi wake.

Sasa kabati jipya la kioo lilikuwa linasubiri maelezo ya ng'ombe, na mimi nilikuwa nimeona nisichotaka kuona. Chini ya hadubini, udongo ulikuwa umehifadhi alama za vidole. Mistari ya kidole cha mtu mzima huachana. Hii ilikuwa myembamba, imebanana. Nikapima, nikapima tena, nikamkasirikia ng'ombe mwenyewe. Aliyemfinyanga alikuwa mtoto wa miaka sita hivi.

Nilipomweleza mume wangu alisema, “Mwambie wewe. Mimi bado nataka urithi.” Mwoga yule! Lakini nilimwelewa. Mzee akinuna, nyumba nzima hununa naye. Na mimi nampenda. Ndiye aliyenifundisha kushika kigae bila kukivunja. Niliogopa kumnyang'anya kitu alichojivunia maisha yake yote. Ila kuandika uongo kwenye kioo nisingeweza.

Nikamwita ofisini. Akaja amenyoa ndevu, akidhani anaitwa kusifiwa. Nikamketisha mbele ya hadubini.

“Tazama hapo shingoni, baba.”

Akatazama kwa muda mrefu. Naye ni mtaalamu, hakuhitaji kuelezwa. Nikaona mabega yake yakishuka, moyo ukaniuma.

“Mtoto,” alisema.

“Ndiyo, baba. Mtoto.”

“Na mguu wa tano?”

“Nadhani ng'ombe alikuwa haishi kuanguka. Akawekewa gongo la kuegemea.”

“Gongo!” Akapiga meza. “Sura tatu nzima nimeandika juu ya gongo!” Akacheka mpaka akakohoa, nami nikacheka kwa woga huku nikimpigapiga mgongoni.

Halafu akavua miwani. “Lakini nilimtoa ndani ya chungu kizuri kuliko vyote vya nyumba ile. Kimefunikwa vizuri, kimefukiwa kando ya meko. Ndiyo maana nikasema ni kitu kitakatifu. Nani anamhifadhi hivyo ng'ombe wa mtoto, tena asiyejua kusimama?”

Nikainua macho. Ukutani, juu ya meza yangu, nimebandika mchoro wa binti yangu: babu yake, nywele kama miiba, mikono imefika chini. Nimehama nao ofisi mbili na kona zake zimechanika. Mzee aliutazama, akanitazama, akautazama tena.

“Huyo ni mimi?”

“Ndiwe, baba. Amesema mmefanana.”

Akacheka kidogo, akamgeuza ng'ombe kwa ncha ya kidole. “Basi sikukosea chote. Alikuwa kitu kitakatifu kweli.”

“Kweli kabisa. Kwa mama yake.”

“Au baba yake,” akadakia, kama mtu aliyeonewa.

Machozi yalinitoka, na sioni haya kusema. Nilikuwa nimemwita nimnyang'anye mungu wake, naye alikuwa amenipa familia nzima iliyokaa kando ya meko. Nikavuta kompyuta, nikafuta neno tambiko, nikabaki nimeweka vidole juu ya herufi bila kujua nianzie wapi.

“Andika, mwanangu,” alisema. “Na fanya upesi, kabla sijaanza kujitetea.”