Waliojua Safari ya Theophil

Theophil hakuwa mzembe wa safari. Kwa miaka kumi na moja alipeleka vitenge kwenye minada ya huko porini, na masharti yake yaliwachosha wote pale dukani Kariakoo: usitaje siku, usitaje njia, na porini usisimame hata ukimkuta mtu kalala barabarani. Hata dereva aliambiwa wanapita wapi gari likishawaka.

Mkewe, Jovitha, tuseme ukweli, alijua kuuza. Siku moja kabla ya safari hii, saa nne asubuhi, alimpiga picha mumewe kaegemea gari lililosheheni marobota, akaiweka status: “Baba Caroline anawaletea mzigo mpya mnadani. Kesho alfajiri anakata pori. Mungu amtangulie.” Wateja wa huko walipenda kujua mapema.

Alfajiri gari lilikuta mti umekatwa na kulazwa kwenye kona. Dereva alikimbilia kichakani akapona. Theophil alipigwa risasi, akafa palepale.

Ilipofika saa tatu na nusu, Jovitha alikuwa ameketi juu ya robota, mlango wa duka nusu umefungwa. Majirani waliingia, wakampa pole, akaitikia “asante” kama anayepokea chenji. Alijaribu kulia, machozi hayakuja. Mtu alimshikisha chai, ikapoa mkononi.

Godbless, mdogo wake marehemu, alikuwa hatulii, simu sikioni. “Polisi wanauliza nani alijua,” alisema. “Bro alikuwa hamwambii mtu! Nani kamuuza?”

Jovitha aliitazama simu yake. Status hujifuta baada ya saa ishirini na nne, na majina ya walioitazama huenda nayo. Ilibaki nusu saa. Akinyamaza, huenda hakuna atakayemnyooshea kidole, na waliomuua mumewe nao watakuwa wamepona. Aliona aibu, lakini kwa mbali, kama aibu ya mtu mwingine.

Akanyoosha mkono.

“Shemeji, shika. Niliandika mimi. Walioona wako hapo, watu mia mbili na kumi na nne. Wapelekee polisi kabla haijafutika.”

Godbless aliisoma. Akaanza kushusha majina kwa kidole, moja baada ya jingine, mpaka kidole kikasimama. Akakaa chini, sakafuni, karibu na miguu ya Jovitha.

“Na mimi nimo,” alisema. “Niliiona jana, shemeji. Nikakujibu Amina.”