Umenawiri, Mwanangu

Mimi ni mpishi wa shule. Watoto wa watu wanakula chakula changu na kulamba vidole, halafu nyumbani mdogo wangu wa mwisho, Mziwanda, anaitazama sahani yangu kana kwamba ina mdudu. Nilikasirika, siwafichi. Nilidhani ni maringo. Mpaka siku alipoanguka bafuni, nikambeba ngazi zote hadi chini bila hata kuhema. Hapo nikaogopa.

Hospitali walitupeleka kwenye chumba chenye wataalamu wawili na meza moja. Mmoja wa lishe, mwingine mshauri nasaha. Huyu wa pili nilimwona wa mapambo tu. Wa lishe alipanga milo, kidogo kidogo, akageuza mizani ili Mziwanda asione namba. Hayo nilielewa, ndiyo kazi yangu. Mshauri yeye alimwuliza mtoto wetu anajisikiaje akikaa mbele ya chakula. Nikataka kucheka. Mziwanda akalia, mara ya kwanza tangu tumzike mama. Alisema kila akila anaona hana haya, mama yuko chini ya udongo na yeye anatafuna. Kicheko kiliniishia kooni.

"Chakula peke yake hakitamponya," mshauri akatuambia mimi na baba. "Na mazungumzo peke yake hayatoshi. Tutakwenda navyo pamoja. Nyumbani mkiwa mezani, msiguse habari za chakula wala mwili wake. Msimkemee, msimsifu. Ongeeni mambo mengine."

"Mambo gani sasa?" baba akauliza.

"Yoyote, mzee. Hata habari za paka."

Wa lishe akaongeza kwamba akirudi nyuma atalazwa, na akikataa kula wodini atalishwa kwa mrija wa puani. Mziwanda akanishika mkono chini ya meza, akaubana hadi ukafa ganzi. Nikaapa moyoni kwamba mrija huo hautamgusa.

Nikawa askari. Shangazi yetu, ambaye hawezi kukusalimia bila kukupima kwa macho, nilimzuia mlangoni, na bado amenuna. Majirani niliwakatiza maneno. Baba sikumwonya. Baba ni fundi viatu, siku nzima misumari iko mdomoni, maneno atayatolea wapi?

Na kweli, Mziwanda akaanza kula. Kila wiki alikwenda kwa mshauri, akarudi macho mekundu, lakini akakaa mezani. Jioni moja akacheka, kile kicheko chake cha zamani. Baba akamtazama, midomo ikimcheza kwa furaha. Nilitaka kumkanyaga mguu, nikachelewa.

"Umenawiri, mwanangu," akasema. "Mashavu yamerudi."

Lilikuwa neno zuri kuliko yote aliyokuwa nayo. Mziwanda akaweka kijiko chini taratibu. "Asante, baba," akasema, na hakukishika tena.

Alilazwa. Baba naye akasusa. Kila nikimpakulia ananiambia, "Nitakula na yeye," mpaka nikafoka, "Basi nimpikie nani, masufuria?"

Siku moja tuliruhusiwa kukaa naye wakati wa mlo, wataalamu wote wawili wakiwepo. Tuliambiwa wazi: sahani isipoisha, mrija ni leo.

Mziwanda hakuitazama sahani. Aliitazama saa ya baba, ilivyokuwa ikimteleza mkononi.

"Baba, umekonda."

Akamsogezea sahani, akamshikisha kijiko. Na baba, maskini, akala. Alikula huku anatabasamu, kwa kuwa mwanawe anamlisha. Mziwanda alikifuata kila kijiko kwa macho, ametulia kabisa. Wa lishe akatoka, akarudi na sahani nyingine kama ileile, akaiweka mbele ya Mziwanda. Ndipo baba akaelewa amekula cha nani. Uso ukamshuka.

Nilidhani atambembeleza. Alimtazama mshauri, akakohoa.

"Paka amezaa dukani," akasema. "Ndani ya buti la mteja."

"Wangapi?" Mziwanda akauliza.

"Sijui. Nikiingiza mkono ananiparura."

Mziwanda akachota kijiko kimoja. Alikaa nacho mdomoni, machozi yakimtiririka, na baba akaendelea: mteja amekuja kudai buti lake, yeye akamwambia gundi haijakauka. Mziwanda akameza. Tukangoja cha pili. Chakula kikapoa, cha pili hakikuja.

Muuguzi alipoingia na mrija, mdogo wangu aliisukuma sahani kando. Akaushika mkono wa baba wenye saa.

"Endelea, baba."

Na baba akaendelea, sauti ikimkatika, habari za mteja aliyerudi nyumbani na buti moja.