Kelele Ndani ya Almasi

Maabara nzima ilimwita Shemeji, kwa kuwa alikuwa amemuoa dada wa mtafiti mwenzake, na mtafiti huyo ndiye aliyewakutanisha. Meza zao zilipakana.

Kazi yao ilikuwa spini, visumaku vidogo mno vilivyomo ndani ya kipande cha almasi. Unaielekeza moja kwa leza, kisha unaiacha. Haikawii kupoteza mwelekeo, maana majirani zake, yaani spini nyingine, hawatulii; vurugu hiyo ndiyo inayoitwa kelele. Wenzao wote walizichukia kelele hizo. Mtafiti alizitegea sikio.

"Angalia inavyopotea," alimwambia Shemeji. "Majirani wakiwa kila mmoja na lake, inapotea hivi. Wakivutana wao kwa wao, inapotea vile. Kelele ndizo zinazotuambia wanavyoishi."

Shemeji alicheka. "Wewe nawe! Watu wanaziba masikio, wewe unataka kurekodi. Achana nazo, shem, utajiharibia."

Akaachana nazo. Alimwamini.

Siku ya semina, Shemeji alisimama mbele, akawasha projekta, akasema bila kupepesa macho, "Kelele ndizo zinazotuambia wanavyoishi." Mkuu wa maabara akapiga makofi. Mtafiti alihisi masikio yakiwaka moto.

Akamkabili kwenye korido. "Hilo wazo ni langu."

"Shem, usilikuze jambo. Ulilitupa, nikaliokota."

"Si wewe uliyeniambia nilitupe?"

Shemeji akatazama viatu vyake. "Tusiyafikishe nyumbani, tafadhali."

Mtafiti aliyafikisha jioni ileile. Dada yake alikuwa jikoni akimenya vitunguu. Kabla hata ya salamu akauliza, "Lakini si mlikubaliana?"

Ile haraka yake ilitosha.

"Ulijua, dada."

"Alikuwa akifanya mazoezi hapo sebuleni. Nikamwambia, mbona haya maneno ni ya mdogo wangu? Akasema atakutaja."

"Nawe hukuniambia?"

"Ni mume wangu. Ulitaka nifanye nini?"

"Unipigie simu tu."

Dada alijifuta macho, akavisingizia vitunguu. Mtafiti aliondoka bila kuketi.

Kesho yake alimweleza mkuu kila kitu. Mkuu alikuna kichwa, akaamua jina la mtafiti liongezwe kwenye makala ya utafiti huo, la pili baada ya la Shemeji. Mtafiti alikubali kwa shingo upande, kwa kuwa vipimo vilivyobaki hakuna mwingine aliyejua kuvifanya, na alitamani mno kuyaona majibu. Meza yake aliihamishia ghorofa ya chini.

Dada huwa anapiga simu. Mtafiti hupokea, hujibu alichoulizwa, basi.