Mgeni wa Mlango wa Mbele

Alhamisi moja baada ya alasiri, Bi Kheiria alisimama sebuleni kwake Mawaleh, mtaa wa Maskati, akisubiri mgeni. Nyumba ilishafukizwa udi, halwa ilikuwa mezani, na kahawa ilikuwa moto ndani ya dele. Mumewe, Mzee Mahfoudh, mstaafu wa wizara, alikuwa nje akishusha sanduku garini. Mgeni mwenyewe aliitwa Nalule, mwanafunzi wa uhandisi wa maji kutoka Kampala, aliyekuja kusoma Maskati kwa muhula mmoja. Wiki hiyohiyo binti yao, Afra, alikwenda Kampala kushika nafasi yake. Ndivyo kubadilishana wanafunzi kulivyo: wenu aje, wetu aende, na kila upande upige picha.

Nalule alivua viatu, akabisha hodi ingawa mlango ulikuwa wazi, akatanguliza mguu wa kulia, akaingia. Akatokea jikoni.

Nakato, mtumishi wa nyumba ile, Mganda kama yeye, alikuwa anakata vitunguu.

"Karibu," alisema bila kuinua kichwa. "Angalia usiteleze, nimetoka kupiga deki."

Bi Kheiria alingoja sebuleni na mikono yake ameifungua, mpaka ikachoka. Mwishowe akaenda jikoni na kumkuta mgeni wake kasimama baina ya friji na ndoo.

"Umepita wapi, mwanangu?"

"Mlango wa mbele, Mama."

"Basi toka, uingie tena vizuri."

Nalule akatoka kwa mlango wa uani, akazunguka nyumba, akaingia kwa mbele. Jikoni tena. Safari hii Bi Kheiria akamfuata nje, akamshika mkono barabara, wakaingia pamoja bega kwa bega. Bi Kheiria akatokea sebuleni ameshika hewa. Mzee Mahfoudh alileta miwani, akakagua bawaba, akatia mafuta, akaufungua mlango na kuufunga.

"Mlango hauna kosa," alisema. "Msaji mtupu huu."

Bi Kheiria aliona aibu, na aibu ya watu wa Unguja waliohamia Maskati si ya mchezo. Mgeni wa heshima kuliona jiko lako kabla hajanywa kahawa ni jambo la kusemwa mtaani mwaka mzima. Basi akahamishia heshima jikoni. Halwa ikaletwa, tende zikaletwa, dele likaja, na Nalule akanywa kahawa yake ya kwanza Omani amekaa juu ya kigoda cha Nakato. Nakato alisogea karibu na sinki kumpisha.

Mji mzima ulikuwa hivyo. Lango kuu la chuo lilimtoa Nalule nyuma ya jiko la mkahawa, pale wanapooshea sufuria za wali. Mlango wa maktaba ulimtoa kwenye kijichumba cha chai cha wahudumu. Alikwenda benki kufungua akaunti, akajikuta mbele ya birika la umeme na pakiti ya biskuti. Teksi hazikuwa na tatizo, kwa kuwa teksi haina jiko. Na Ijumaa, alipokwenda Wadi Kabir kuwatembelea Waganda wenzake katika vyumba vyao nyuma ya magereji, aliingia kama binadamu mwingine yeyote, maana kule kitanda, kiti na jiko vyote vimo chumba kimoja, na mlango haukuwa na pengine pa kumpeleka.

Nalule hakuwa mtu wa kutishwa na milango. Alizaliwa Busia, mpakani, mama yake akiuza vitenge kwa watu wa pande zote mbili, na Kiswahili alikiokota sokoni pamoja na ubishi wake. Vipindi alivifuata kwenye simu, amekaa juu ya gunia la mchele la mkahawa, na maswali yake ndiyo yaliyokuwa makali kuliko ya wote waliokaa darasani. Alikwenda kulalamika kwa ofisa wa wanafunzi wa kigeni, au tuseme alimpigia simu, kwa kuwa ofisini kwake hakufika. Ofisa alimjibu kwa upole kwamba suala hilo linajulikana, na kwamba wanafunzi wa kutoka London na Seoul hawajapata kulileta.

Kilichomuudhi Nalule kilikuwa kitu kingine. Majirani walikuja kumwamkia mgeni, kama ilivyo ada, na wakaelekezwa jikoni. Bi Muhsina wa nyumba ya pili alimtazama Nalule juu mpaka chini, pamoja na kitambulisho cha chuo kilichoning'inia kifuani.

"Huyu umemtoa ofisi gani ya watumishi, Kheiria?" aliuliza. "Anaonekana mtulivu."

"We Muhsina! Huyu ni mwanafunzi wa chuo kikuu, mgeni wetu."

"Alaa. Nisamehe, mwanangu," alisema Bi Muhsina, na akamkabidhi bakuli alilokuja nalo, alioshe.

Nalule alilikamata. Aliliosha, akalifuta, akalirudisha, na muda wote huo alikuwa na hasira mpaka masikio yanamwaka. Alikuwa amekuja na alama za juu kuliko wote walioomba nafasi ile. Mtu wa kumwambia hayo pale alikuwa Nakato peke yake.

"Mimi nilikuja na cheti cha ualimu," alisema Nakato. Kiswahili chake alijifunzia jikoni humo, kwa hiyo kilikuwa cha Unguja nusu na nusu cha Ghuba. "Shule ya msingi, darasa la kwanza mpaka la nne. Ofisi iliyonileta ilisema kuna shule. Nikaingia mlango uleule, nikatokea hapa. Nikasema, labda shule iko nyuma."

"Ukafanya nini?"

"Kulikuwa na vyombo. Nikaviosha."

Kisha akamwonyesha sinia. Ilikuwa ya chuma, pana, imebonyea pembeni, inaning'inia kwenye msumari juu ya sinki.

"Ukishika hii, mlango wowote unakupitisha. Mimi nafika sebuleni, nafika mpaka majlisi wakiwapo wanaume. Lakini usiiweke chini, na usikae. Ukikaa tu, khalas, umerudi."

Nalule alijaribu mara moja. Alipita na sinia mkononi, na kwa mara ya kwanza akaiona sebule ya watu waliokuwa wakimlisha kwa mapenzi kiasi kile: makochi ya rangi ya zafarani, kasha la Unguja lenye misumari ya shaba, picha ya Afra ukutani. Bi Kheiria alifurahi kupita kiasi.

"Mashallah, umefika! Kaa, mwanangu, kaa."

Nalule alikaa. Kigoda cha jikoni kikalia chini yake. Akaitundika sinia kwenye msumari, akasema hataishika tena, maana hakuvuka bahari kuja kubeba sinia. Nakato alisema sawa, akaendelea kumenya viazi.

Wakati huohuo Afra alikuwa anapiga simu kutoka Kampala. Na yeye milango ilimsumbua. Kila aliouingia ulimtoa sebuleni, kwenye kiti kikubwa, mbele ya soda. Akienda kuoga, sebuleni. Akienda kuchukua maji, sebuleni, na mwenye nyumba kapiga magoti kumsalimu. Muhula unakaribia kwisha na jiko la Kampala hakuliona hata moja. Aliuliza Waganda wanapika wapi. Bi Kheiria aliwasimulia majirani habari hizo kwa fahari.

"Watu wale wana adabu sana," alisema. "Nnawapenda."

Tatizo lilikuja na mtihani wa mwisho. Vipindi viliwezekana kwenye simu, lakini utafiti ni lazima mwanafunzi autetee kwa mdomo, amesimama ukumbini mbele ya watahini. Asiyefika hana muhula. Na Nalule asipopata muhula, Kampala wangemkatia ufadhili, na mama yake alishauza kibanda cha vitenge ili amalizie tofauti ya ada. Hakuwa na pa kurudi nyuma.

Mwalimu wake, Dokta Khattab, alikuwa mtu mwema kwelikweli. Nalule alipomwomba watahini waje mkahawani, alikubali papo hapo. Siku ya pili akampigia simu kumpa udhuru: kanuni za usafi za chuo haziruhusu watu wa nje kuingia jikoni.

"Na mimi nimo humu kwa kanuni ipi, Dokta?"

Dokta Khattab alifikiri.

"Hilo ni swali zuri," alisema, na akamtakia kila la heri.

Jioni ile Nalule aliitungua sinia. Nakato alimfundisha namna ya kuibeba: viwiko ubavuni, uzito kwenye mkono wa chini, macho mbele. Walifanya mazoezi uani, sinia imewekwa matofali, huku Nalule akisema utafiti wake wote kwa sauti tangu mwanzo. Mikono ikichoka, alirudia. Nakato hakumsifu ovyo. Alimwambia alipokosea na kwa nini, akamwambia tena.

Siku ya mtihani Nalule alifika kwa teksi, akaweka kompyuta yake juu ya sinia, akapita lango kuu la chuo, kwa mara ya kwanza bila kutokea jikoni. Ukumbi ulikuwa na zulia la kijani na watahini watatu. Walipoiona sinia, mmoja alisema shukrani na akanyoosha mkono atafute kikombe, akagusa kompyuta, akaurudisha mkono wake. Nalule alisema yeye ndiye mtahiniwa. Wakasema ahlan wa sahlan, tafadhali.

Akaanza. Alizungumzia falaj, ile mifereji ya kale ya Omani, na namna maji yanavyogawanywa kijijini: ya kunywa kwanza, mahali pa wazi, mwenyeji na mpita njia wote wanachota, hapana anayeulizwa katoka wapi, halafu msikitini, halafu ndiyo mashamba, kila mmoja na zamu yake. Alieleza kwa nini utaratibu ule umeishi zaidi ya wafalme walioukuta. Picha zilimulikwa ukutani kutoka kwenye kompyuta mikononi mwake, na kwa kuwa hakuwa na kidole cha kuonyeshea, alionyesha kwa maneno. Alizungumza vizuri. Watu waliokuwamo walikubaliana baadaye kwamba hawajapata kusikia habari za falaj zikielezwa hivyo na mgeni, wala na mwenyeji.

Katikati ya maswali Dokta Khattab alimwonea huruma.

"Weka chini, Nalule. Kaa upumzike, ujibu umekaa."

"Nikikaa mtanikosa, Dokta. Endeleeni."

Wakaendelea. Watahini walikuwa na kahawa yao, na mtu akiwa ameshughulishwa na hoja hatazami mkono wake unafanya nini. Wa kwanza alimaliza kunywa, akaweka kikombe chake juu ya sinia, pembeni ya kompyuta. Nalule alikuwa anajibu swali la uvukizaji, hakusita. Wa pili akaweka chake. Wa tatu, aliyekuwa Dokta Khattab mwenyewe, alikitikisa kikombe kidogo kwa adabu, kama watu wa huku wanavyofanya kuonyesha wametosheka, kisha akakiweka juu ya vile viwili. Nalule alijibu swali la mwisho na vikombe vyote vitatu mikononi. Wakampa alama ya juu kabisa. Akatoka ukumbini, akapita mlango wa mkahawa, akaiweka sinia chini, akaviosha vikombe kwa kuwa sinki lilikuwa palepale, halafu akalia mpaka akachoka.

Kwenye hafla ya kuwaaga wanafunzi wa kigeni alipewa nafasi ya kusema. Alisimama na sinia yake mbele ya kipaza sauti, na hakuzunguka.

"Mmenipokea vizuri na nimeshiba," alisema. "Lakini mikono yangu haina kosa. Milango ndiyo ya kurekebishwa."

Walimpigia makofi marefu. Mkuu wa chuo aliguswa, na akasema maneno hayo hayatapita bure. Kabla mwezi haujaisha chuo kilinunua sinia ya fedha, nyepesi, yenye nembo ya chuo katikati na vishikio vilivyofunikwa ngozi visiumize vidole. Imewekwa mapokezi ndani ya kabati la kioo. Mwanafunzi yeyote mwenye tatizo la milango anaweza kuiazima, na anatakiwa airudishe ikiwa safi.

Nalule alirudi kwao na alama zake. Mama yake alipata kibanda kingine, na yeye sasa anasomea shahada ya uzamili. Milango ya Busia haimsumbui. Afra alirudi Mawaleh amenenepa kidogo.

Muhula uliofuata, Alhamisi nyingine, mgeni mwingine wa Uganda alivua viatu, akabisha hodi, akatokea jikoni. Bi Kheiria safari hii hakuhangaika. Kahawa ilikuwa imeandaliwa jikoni tangu mchana, na kigoda kilishafanyiwa mto.

"Nakato," alisema, "mgeni akishakunywa, mfundishe sinia. Wewe unajua."

Nakato alifuta mikono kwenye aproni. Akaitungua sinia kwenye msumari, akamsimamisha msichana katikati ya jiko, akamrekebisha viwiko.

"Mgongo wima. Usiitazame sinia, nitazame mimi. Umeelewa? Basi nieleze kwa maneno yako ulichoelewa."

Msichana alieleza. Nakato alimwambia alipokosea, akamwambia kwa nini, akamwanzisha tena. Sauti yake ilifika sebuleni, ya upole na isiyo na haraka, na Mzee Mahfoudh akateremsha gazeti kusikiliza.

"Huyu Nakato," alisema, "angekuwa mwalimu mzuri wallahi."

"Si ana cheti," alisema Bi Kheiria. "Nnakumbuka aliniambia, siku ile aliyokuja."

Kisha akamwita alete kahawa.