Uzi Alioukata Fundi

"Sogeza taa," daktari alisema nyuma ya pazia la kijani. "Bado sijaiona ncha ya neti."

Fundi cherehani alilala chali, macho darini. Sindano ya mgongoni ilikuwa imemtia ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini, lakini masikio yalikuwa macho kabisa. Kila chuma kilichogonga sinia alikisikia. Neti hiyo ya plastiki, aliyowekewa ndani kushikilia kibofu baada ya uzazi wa mwisho ilikuwa imemgeuka. Ilitoboa ukuta wa uke, ikamtoa damu, ikamhamisha kutoka kitanda cha mumewe. Leo ilikuwa inatolewa.

"Mama, mbona unatetemeka?" nesi aliyesimama kichwani pake aliuliza. "Unawaza wateja wanavyokusema huko?"

"Wameshazoea. Nguo ya Ijumaa nawapa Jumatatu."

Nesi alicheka. Daktari hakucheka.

"Kliniki niliona nyuzi za neti zimejitokeza. Sasa hakuna kitu. Itabidi niitafute juu, kwenye kibofu, na hapo nikiteleza kidogo tu kinatoboka."

Fundi alikumbuka. Juzi, bafuni, vidole vyake viligusa uzi. Mkono wake haujawahi kuvumilia uzi unaoning'inia; alichukua mkasi mdogo wa kazini, akaukata kwenye shina kama afanyavyo kwenye pindo. Uliobaki ukazama ndani. Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi?

"Nipe kisu," daktari alisema.

"Ngoja!" Sauti ilimtoka kabla hajajiandaa. "Daktari, niliukata."

"Umekata nini, mama?"

"Uzi. Kwa mkasi wangu. Chini ukeni, karibu na mlango."

Uso ulimwaka kwa aibu.

"Upande gani?"

"Wa kushoto. Kushoto kwangu."

Alisubiri, ameshika kingo za kitanda.

"Nimeipata," daktari alisema hatimaye. Kipande chepesi cha neti kikatua kwenye sinia. "Kipande cha juu kimegandana na kibofu, na damu inazidi. Sikilazimishi. Nitaziba kwa shashi. Kesho bingwa wa kibofu atakuwepo, tutaendelea naye."

"Kwa hiyo bado imo?"

"Nusu imo. Na safari hii, mama, usiguse chochote."

"Huo mkasi utakaa kwangu," nesi alisema.

Fundi hakuweza kucheka. Mbali sana, kwenye kidole kimoja cha mguu, ganzi ilikuwa imeanza kuachia.